Nyundo ya Mhunzi na Kipimo Chake

Mtu apitaye Daraja Mbili, mjini Arusha, husikia milio ya nyundo. Huyu anyosha springi ya gari iliyokatika apate kufua panga, yule atia makali sululu ya mkulima. Wengi wetu hupita tu, tusiifikiri kazi hiyo. Lakini asili yake ni ya zamani, na ndani yake mna fundisho nililolipata siku mashine moja kuukuu ilipokaribia kuuzwa kwa kilo kama chuma chakavu.

Zamani, katika milima ya Upare ya Kaskazini, nchi ya Ugweno, walikuwako Washana, ukoo wenye sifa ya uhunzi. Walichoma mchanga wenye chuma kwa makaa na mivukuto, wakapata chuma cha kufua majembe na silaha. Chuma cha Upare kilichukuliwa hata Kilimanjaro, na wahunzi wa Uchaga, hasa wa Mamba, wakakifua mikuki. Baadaye misafara ya pwani ilileta nyaya za chuma kutoka ng'ambo, na tanuri za wenyeji zikapoa pole pole.

Wahunzi hao hawakuheshimiwa kila mahali. Wamasai walikuwa na wahunzi wao, Ilkunono, wasiooana na watu wengine. Bwana A. C. Hollis, katika kitabu chake cha mwaka 1905, aeleza kwamba Mmasai alipopokea mkuki ulioshikwa na mhunzi, alijipaka mafuta mkononi kwanza. Tazameni ajabu hii: shujaa alijivunia mkuki, naye aliyeufua akamwepuka!

Kazi yenyewe ni ya haraka. Chuma kikitoka motoni kikiwa chekundu, hakingoji. Mhunzi hukishika kwa koleo juu ya fuawe, huonyesha mahali kwa nyundo ndogo, na msaidizi hupiga kwa nyundo kubwa. Chuma kikiwa kinene, kabla hakijalainika mpaka ndani mikono huwa imekwisha kuchoka.

Shida hiyo iliwasumbua hata watu wa Ulaya. Mwaka 1839 James Nasmyth, fundi wa Uingereza, aliombwa shauri juu ya mhimili mnene wa meli iitwayo Great Britain, maana haikuwako nyundo ya kuufua. Akachora nyundo ya kuinuliwa kwa nguvu za mvuke. Mhimili ule haukufuliwa, kwa kuwa meli ilibadilishwa ikatiwa rafadha. Lakini mwaka 1840 kiwanda cha Le Creusot, Ufaransa, kiliunda nyundo kama ile. Nasmyth aliiona huko mwaka 1842, akarudi kwao akaandikisha haki yake mwaka huo huo. Baadaye wenye karakana ndogo nao walitengenezewa nyundo za kuendeshwa kwa mkanda. Mayer Brothers wa Mankato, Marekani, waliuza nyundo ziitwazo Little Giant. Ndogo ilikuwa na kichwa cha ratili 25, yaani kilo 11 hivi, na kubwa ratili 500.

Mashine ya namna hiyo hufanya kazi hivi. Mota huzungusha gurudumu kwa mkanda. Gurudumu huvuta na kusukuma mikono miwili yenye springi, na mikono hiyo hubeba kichwa cha nyundo. Fundi akikanyaga pedali, kichwa huruka juu na kushuka. Kwa sababu ya springi na mwendo wake, kichwa hushuka chini kupita pale kinapofika kikizungushwa taratibu kwa mkono. Siri yote ya mashine i hapo.

Sasa nirudi Daraja Mbili. Karakana moja ilikuwa na nyundo ya namna hiyo. Vijana wake walifua visu siku nyingi, kisha wakaletewa kazi ya sululu. Nyundo ikagoma: ikapiga kwa unyonge, mkanda ukateleza na kunuka. Vijana wakakaza mkanda, haikufaa. Wakakaza springi, ikazidi kuwa nzito. Ndipo mwenye karakana akamwita mnunuzi wa chuma chakavu.

Bahati njema alipita mzee mmoja fundi. Hakugusa spana kwanza. Alizima mota, akatoa mkanda, akazungusha gurudumu kwa mkono mpaka kichwa kikafika chini kabisa, akapima nafasi iliyobaki juu ya fuawe. Ilikuwa nyembamba, ya kufaa visu. "Chuma kinene kinaikaba koo," akasema. "Inakigonga kabla haijapata mwendo." Akakitegemeza kichwa kwa gogo kisije kikamponda mkono, akalegeza bolti, akakipandisha hata nafasi ikakaribiana na unene wa sululu. Springi aliirudisha ilivyokuwa, maana ikikazwa mno mikono haipati kurusha kichwa. Akaufuta mkanda mafuta, akayatia kwenye beringi yanakotakiwa. Akagongomea kabari ya uso wa nyundo iliyolegea, akawaonya wasipige kamwe chuma kikiwa kimepoa, wala uso kwa uso mahali patupu, wasije wakazipasua nyuso hizo.

Mashine ikawashwa. Mapigo yakawa mazito na sawasawa, na sululu ya kwanza ikafuliwa kabla ya adhuhuri. Mnunuzi alipofika na mizani yake, alirudi mikono mitupu, na vijana wanne hawakupoteza kazi.

Ndugu wasomaji, nyundo ile haikupungukiwa na nguvu. Ilipungukiwa na kipimo. Mababu walimwepuka mhunzi huku wakiutaka mkuki wake. Nasi twaweza kukosa kama wao, tukiitaka mashine bila kumheshimu ajuaye tabia yake. Wazee wa namna ile wapo bado, lakini si wengi. Yafaa vijana wawaendee sasa, na daftari mkononi, wayaandike wayajuayo. Chuma chakavu chaweza kuyeyushwa tena, bali ujuzi uliozikwa na mwenyewe haufuliwi upya.