Tarehe ya Watazama Ndege na Maji ya Vingunguti

Vingunguti inajulikana Dar es Salaam nzima kwa mambo matatu: machinjio, mabwawa ya majitaka na, kwa wenye umri wa kukumbuka, dampo. Watazama ndege nao wanaijua kwa hayo hayo. Anayetaka kuandika tarehe ya watu wanaozunguka jiji hili na darubini shingoni hana budi kuandika pia tarehe ya uchafu wake, ulikomwagwa na ulikohamishiwa, maana ndege waliufuata uchafu na wao wakawafuata ndege.

Kazi ya kutazama ndege haikuanzia mjini. Mwaka 1928 Mwingereza Reginald Moreau alifika Amani, Usambara, kufanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo, akakaa hadi miaka ya 1940 huku akiandika habari za ndege kila alipopata nafasi. Msituni alikuwa na Salimu Asmani, ambaye alizijua sauti na viota. Mwaka 1938 Moreau alimpa ndege mmoja wa milima ya Uluguru jina la mkewe, Winifred. Jina la Salimu limebaki kwa wachache wanaofukua maandishi ya zamani, nami naona tarehe yoyote ya watazama ndege wa Tanzania inayomruka yeye ina pengo mwanzoni.

Desturi ya kutoka kwa kundi, bila bunduki wala mfuko wa kukusanyia mizoga, ilikomaa Nairobi. Chama kilichoanzishwa mwaka 1909, ambacho leo kinaitwa Nature Kenya, kina matembezi ya Jumatano asubuhi ambayo Fleur Ng'weno aliyaongoza tangu 1971. Watu hukutana Makumbusho ya Taifa, wenye magari huwapakia wasio nayo, wanaamua papo hapo waelekee wapi. Mwanafunzi, mstaafu, mwongoza watalii asiye na kazi wiki hiyo, wote huenda. Waongozaji watalii wengi wa Kenya walisomea ndege hapo kabla hawajashika cheti chochote. Kilichoyadumisha matembezi hayo, kwa maoni yangu, ni siku yenyewe: Jumatano haibadiliki, kwa hiyo hakuna anayengoja kualikwa.

Dar es Salaam mambo yalikwenda vipande vipande. Mwaka 1980 zilianza klabu za Malihai, makao yake Arusha, kwa ajili ya wanafunzi. Mwaka 1988 kikaundwa chama cha kuhifadhi wanyamapori, WCST, hapa hapa jijini, kikawa na jarida lake, Miombo. Katikati ya hayo, mwaka 1987, W. G. Harvey na Kim Howell, mwalimu wa zoolojia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha orodha ya ndege wa Dar es Salaam na viunga vyake. Waliichapisha katika jarida la Ubelgiji, Le Gerfaut. Ndiyo hali ilivyokuwa: ukitaka kujua ndege gani alionekana Dar, ulilazimika kumfahamu mtu mwenye nakala iliyotoka Ulaya.

Miaka hiyo hiyo ya 1980 Neil na Liz Baker walianza kukusanya taarifa za atlasi ya ndege wa Tanzania, kazi ambayo kumbukumbu zake zimepita milioni moja. Nchi imekatwa miraba ya nusu digrii, kama kilomita 55 kila upande, na kila anayemwona ndege hutaja mraba na mwezi. Kwa hesabu hiyo Vingunguti imo katika mraba mmoja na msitu wa Pugu na ufukwe wa Kunduchi. Ndege wa kivuli, ndege wa mawimbi na ndege wa majitaka wanaandikwa ukurasa mmoja.

Sasa tufike kwenye mabwawa. Yapo kadhaa, yamepangwa maji yatoke moja yaingie lingine hadi yaishie Mto Msimbazi. Majitaka huja kwa bomba, na mengine huletwa na magari ya kunyonya vyoo yanayopishana getini kutwa nzima. Bwawa la kwanza ni zito na jeusi, lina utando juu, na ndege wanaokaa humo ni wachache. Kadiri maji yanavyosonga, jua na mwani hufanya kazi yake, rangi inageuka kijani cha mlenda, na kwenye tope la kingo vibuu vya wadudu hujaa. Hapo ndipo penye karamu. Ndiyo maana mtazama ndege mzoefu hupita mabwawa ya mwanzo bila kusimama, akaenda moja kwa moja kule maji yanakotokea.

Kule utamkuta kitwitwi. Ni mdogo, wa kahawia mgongoni, mweupe tumboni, na kiuno chake hakitulii: akisimama kwenye ukingo wa saruji mkia unapanda na kushuka, akichomoa kibuu anatikisa tena, akiruka anapita chini sana juu ya maji kwa mapigo mafupi ya mabawa yaliyokakamaa. Ndege huyu hazai hapa. Vitwitwi na jamaa zao hutaga kaskazini, Urusi na nchi za jirani, huingia pwani yetu kuanzia mwezi wa nane hivi, na ikifika mwezi wa nne wengi wameondoka. Kando yao husimama wengine wa miguu mirefu ya waridi, mwili mweupe na mabawa meusi, hao ni wa kwetu. Yangeyange wapo, mbayuwayu wanakata juu ya maji wakila mbu. Harufu inamsumbua mgeni kwa muda tu.

Wenyeji wana jambo kubwa zaidi ya harufu. Maji ya vyoo vya mitaa mingine ya jiji yanaletwa kwao, ilhali nyumba nyingi za Mtakuja, Miembeni na Mtambani zinategemea vyoo vya shimo, na mvua za masika zikianza vingine hutapishwa mitaroni. Kundi la watu wenye darubini za bei kubwa linalopita hapo likishangilia kitwitwi, bila kulijua hilo, linastahili macho linayotazamwa nayo. Kingine kinachowaponza watazama ndege ni jirani: uwanja wa ndege uko karibu, reli iko karibu, na mtu anayeelekeza darubini juu ya ukuta wa serikali ana maelezo ya kutoa. Kitabu chenye picha za ndege humwokoa mwenye nacho kuliko kitambulisho.

Dampo lina tarehe yake, nayo ilianzia mahakamani. Wakazi wa Tabata, wakiongozwa na Joseph Kessy, waliishtaki halmashauri ya jiji mwaka 1988 kwa moshi na uvundo wa taka, wakashinda. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena, hadi mwaka 1991 dampo la Tabata likafungwa. Taka zikahamishiwa Vingunguti mwaka 1992, zikamwagwa huko hadi 2001, zikaenda Mtoni, kisha Pugu Kinyamwezi ziliko sasa. Ushindi wa Tabata ulikuwa wa haki, lakini uliishia mlangoni kwa jirani aliyekuwa hajajipanga kwenda kortini.

Penye dampo pana kunguru, na hapa watazama ndege wapole hugeuka watu wengine kabisa. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu si wa Afrika. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili asafishe mji, na kufikia 1917 serikali ya visiwani ilikwisha kumtangaza mharibifu. Alivuka hadi bara, akafika Mombasa mwaka 1947. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, humfukuza kunguru wetu mwenye kifua cheupe, na mahali alipojaa hata chozi hupotea bustanini. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 WCST iliendesha kampeni ya mitego ya nyavu za waya yenye vipande vya nyama, pamoja na sumu iitwayo Starlicide, na kunguru walipungua Dar es Salaam kiasi cha watu kuuliza wamekwenda wapi. Kisha kampeni ikalegea, nao wakarudi. Kenya ilitangaza vita yake mwaka 2024. Katika mikusanyiko ya wapenda ndege hili ndilo jambo linalopoza chai: wapo wanaosema hakuna kuua ndege kwa sumu hata akiwa nani, na wapo wanaotaka mitego irudi kesho. Mimi niko na hao wa pili, mradi dampo nalo lizibwe, maana mtego usio na usafi wa mji ni kazi isiyo na mwisho.

Machinjioni ndege ni wa aina nyingine, mwewe. Anazunguka juu ya paa, anawahesabu mama wauza utumbo na mapupu, na sinia isiyofunikwa haimpiti. Mwaka 2019 Rais John Magufuli alifika hapo kwa kushtukiza, akaamuru machinjio ya kisasa yajengwe haraka, na Shirika la Nyumba la Taifa likapewa kazi.

Turudi kwenye maji. Hesabu kubwa ya ndege wa maji nchini kote ilifanyika kwa mara ya kwanza Januari 1995. Januari huchaguliwa kwa sababu wageni wa kaskazini wametulia, hawasafiri. Anayehesabu kundi la vitwitwi hahesabu mmoja mmoja: anapima kumi kwa jicho, analiweka hilo kumi juu ya kundi zima, kisha anarudia kutoka upande wa pili, na wenzake wawili wakitofautiana sana wanaanza upya. Mwisho wa asubuhi orodha husomwa kwa sauti, jina baada ya jina, na kila mmoja ana haki ya kumpinga msomaji. Ndege aliyeonwa na mtu mmoja tu, dhidi ya jua, huwa ndiye mwenye ubishi mrefu, na chapati huisha kabla yake. Mabwawa ya Vingunguti ni mali ya mamlaka ya majisafi na majitaka ya jiji, DAWASA, hivyo atakayetaka kuhesabu Januari ijayo aanze na barua ya ruhusa, tena mapema, maana mwisho wa mwaka ofisi nyingi huwa na watu wachache.