Majina ya Magonjwa na Asili Yake

Miaka kadha iliyopita tulikuwa tukifundisha katika kijiji kimoja ambacho zahanati yake ya karibu ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu. Usiku mmoja wa masika mtoto wa jirani yetu, mwenye umri wa miaka mitatu, alishikwa na homa kali, kisha akaanza kukakamaa na kutupa mikono, macho yamegeuka. Wazee wakasema, Hili ni degedege, na degedege halipelekwi hospitali, maana sindano humwua mtoto wa namna hiyo. Basi akafukizwa moshi mpaka alfajiri. Kulipopambazuka tulisaidiana kumbeba, lakini tulikuwa tumekwisha kuchelewa. Katika karatasi yake paliandikwa neno moja tu: malaria. Mama yake alituomba tumsomee, nasi tukamsomea. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, wamekosea. Mwanangu hakuwa na malaria. Alikuwa na degedege."

Siku ile hatukuwa na jibu la kumpa. Tangu hapo tumekuwa tukiyachunguza majina ya magonjwa na ya dawa, tujue yametoka wapi na yana maana gani. Haya tunayoyaandika hapa ni matunda ya uchunguzi huo.

Kwanza tutazame maneno yetu wenyewe. Lugha ya Kiswahili ni kama nyumba ya pwani: misingi yake ni ya wenyeji, lakini killa mgeni aliyelala humo ameacha kitu. Viungo vya mwili vingi vina majina ya asili ya Kibantu: moyo, ini, figo, nyongo, mfupa, jicho. Lakini tukifika katika habari za kutibu, twawakuta Waarabu mlangoni. Dawa, tiba, tabibu, afya, maradhi, hata homa yenyewe, yote ni maneno ya Kiarabu yaliyokuja na biashara ya bahari. Tusidhani kwa sababu hiyo kwamba wazee wetu hawakujua kutibu kabla ya majahazi kufika. Neno kuganga ni la kale sana. Mpaka katika nchi ya Kongo mtu wa kazi hiyo huitwa nganga. Tena tuna methali isemayo, Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Wengi huitamka bila kujua ndwele ni nini. Ndwele ni ugonjwa. Neno hilo limekwisha kusahauliwa katika mazungumzo ya kila siku, lakini ndugu zake wangali hai: Wanyarwanda husema indwara, na Waganda husema okulwala, yaani kuugua. Methali imelihifadhi neno kama chungu kinavyohifadhi mbegu.

Baadaye walikuja Wazungu, nao wakaleta daktari na hospitali. Neno daktari asili yake ni ya Kilatini, docere, maana yake kufundisha. Zamani katika vyuo vya Ulaya aliyeitwa kwa jina hilo alikuwa mtu aliyepewa ruhusa ya kufundisha wengine. Kwa hiyo daktari, kwa asili ya jina lake, ni mwalimu. Na hospitali yatoka katika neno la Kilatini hospes, maana yake mgeni, au mwenyeji ampokeaye mgeni, kwa kuwa hapo kwanza nyumba hizo zilikuwa za kupokea wasafiri na maskini, si za kutibu wagonjwa tu. Laiti killa mgonjwa afikaye hospitali angepokelewa kama mgeni, na killa daktari angekumbuka kwamba yu mwalimu, awaeleze watu ugonjwa wao kwa neno wanalolielewa!

Sasa tuyaendee majina ya magonjwa. Tumeona ya kuwa ni ya namna mbili. Yako majina yasemayo lile ambalo jicho limeliona, na yako majina yasemayo lile ambalo watu wamelidhania kuwa ndiyo sababu.

Katika namna ya kwanza twaweza kutaja kipindupindu. Ndani yake limo neno kupinda, na aliyepata kumwona mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu hahitaji kuelezwa zaidi. Vivyo hivyo chanjo: kuchanja ni kukata kidogo, na ndivyo watu walivyofanyiwa ngozini. Mfano mwingine watoka kwa Wamakonde. Mwaka 1952 ulizuka katika nchi yao, kusini ya Tanganyika, ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo, hata watu wakatembea wameinama. Wamakonde wakauita chikungunya, yaani kile kikunjacho mtu. Mwaka 1955 madaktari walipoandika habari zake walilitumia jina hilo hilo, na leo hutumika duniani kote. Majina ya namna hii hayazeeki. Elimu ikizidi hayageuki kuwa uwongo, maana tangu mwanzo hayakusema ila lililoonekana.

Majina ya namna ya pili ni hatari zaidi, wala tusidhani ni ya Waafrika tu. Neno malaria ni la Kiitalia, mala aria, maana yake hewa mbaya. Watu wa Ulaya waliona kwamba wakaao karibu na vinamasi hupatwa na homa, wakadhani harufu ya maji yaliyooza ndiyo iletayo. Kwa hiyo wengine walifunga madirisha usiku wasivute hewa ile. Mwaka 1880 daktari Mfaransa, Laveran, aliyekuwa Algeria, aliona kwa darubini kijidudu ndani ya damu ya mgonjwa. Mwaka 1897 daktari Mwingereza, Ronald Ross, alikiona kijidudu hicho ndani ya mbu kule Uhindi, na mwaka uliofuata Waitalia wakathibitisha ya kuwa mbu aitwaye anofelesi ndiye amwambukizaye mtu. Basi kosa halikuwa la hewa. Hata hivyo jina lilibaki, na hata leo madaktari wenye elimu kubwa huitaja hewa mbaya killa siku, ijapokuwa hawaiamini tena.

Kadhalika neno kolera, ambalo Wazungu huitia kipindupindu, latoka katika neno la Kiyunani maana yake nyongo, kwa kuwa watu wa kale walidhani nyongo ndiyo yenye kosa. Mwaka 1854 daktari John Snow aliwaonyesha watu wa London kwamba waliokufa walikunywa maji ya pampu moja. Na neno influenza ni la Kiitalia pia, nalo hapo kwanza lilihusu nguvu ya nyota za mbinguni juu ya wanadamu. Mtu anayepiga chafya leo hawazi habari za nyota.

Hapa ndipo tunapolirudia degedege. Ndani ya jina hili yumo ndege. Dege ni ndege mkubwa, na wazee walisema kwamba ndege, au nondo wa usiku, akipita juu ya mtoto na kumtia kivuli, mtoto hushikwa. Tusiwacheke. Mwitalia aliona kinamasi akasema hewa. Mzee wetu aliona mtoto akitapatapa kama ndege aliyenaswa, akasema ndege. Wote wawili waliona kweli, na wote wawili walikisia vibaya. Tena wote wawili walikaribia sana, maana yule mwenye kosa huzaliwa katika maji ya kinamasi na huruka usiku. Ni mbu.

Lakini kuna tofauti moja, nayo ndiyo iliyomponza mtoto wa jirani yetu. Wale wa Ulaya walishika jina la kale wakabadili tiba. Sisi tulishika jina la kale na tiba yake pamoja. Tulidhani kwamba kwa kuwa majina ni mawili, magonjwa nayo ni mawili: malaria ya hospitali, na degedege la nyumbani. Kumbe mara nyingi degedege ni ile ile malaria iliyopanda mpaka kichwani, na kwa mtoto wa hali hiyo killa saa moja ni ya thamani.

Je, tuyatupe basi majina yote ya wazee? La, hasha. Mwaka 1935 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Gold Coast, nchi iitwayo sasa Ghana, aliandika habari za ugonjwa wa watoto wenye kuvimba miguu na kubadilika nywele. Hakuubuni jina. Aliwauliza akina mama wa kabila la Waga, nao wakamwambia ni kwashiorkor, ugonjwa ampatao mtoto mdogo wake anapozaliwa. Jina hilo nalo lasema sababu, na sababu hiyo ilikuwa na ukweli mkubwa: mtoto ameachishwa ziwa, wala hapewi chakula cha kumjenga mwili. Akina mama wale walikuwa wamekwisha kuona vema kabla daktari hajafika. Kwa hiyo jina la kale si la kutupwa wala si la kuabudiwa. Ni la kupimwa.

Tungaliyajua haya siku ile, tungalimjibu yule mama hivi: "Mama, hawakukosea, nawe hukukosea. Ulichokiona ni degedege kweli. Nao waliloliandika ni jina la kitu kile kile, kwa lugha ya watu wengine ambao nao walikisia vibaya." Labda asingefarijika. Lakini alikuwa na watoto wengine wawili, na jibu hilo lingaliwafaa hao.

Twawasihi ninyi msomao, hasa walimu wenzetu na wazee wa vijiji, mkisikia usiku mtu analia kwamba mtoto ana degedege, msishindane juu ya jina. Liiteni degedege, maana ndivyo mama alijuavyo, nanyi mchukueni mtoto upesi mpaka kwa daktari. Jina na likae nyumbani, bali mtoto apelekwe.