Nguvu Zote Hazikufika Makobola

Kila mwaka, kati ya Noeli na Mwaka Mpya, sisi wakaaji wa mwambao huu wa Tanganyika, tangu Uvira hadi Fizi, tunawakumbuka marehemu wa Makobola. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 hadi tarehe 2 Januari 1999, wapiganaji wa uasi wa RCD na washirika wao waliwaua raia huko Makobola na katika vijiji jirani vya Bangwe, Katuta, Mikunga na Kashekezi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 2010 inahesabu zaidi ya watu 800.

Katika maombolezo hayo husikika mara nyingi ombi moja: laiti tungepata mkuu wa nchi mwenye nguvu, asiyezuiwa na Bunge wala na majaji, atulinde. Ombi hilo limetoka katika uchungu wa kweli, nasi hatulidharau. Lakini yafaa tulipime kwa historia yetu wenyewe.

Mwaka ule wa 1998, mkuu wa namna hiyo alikuwapo. Sheria-Amri ya Kikatiba namba 003 ya tarehe 27 Mei 1997 ilikuwa imemkabidhi Rais Laurent-Désiré Kabila uwezo wa kutunga sheria pamoja na uwezo wa kuzitekeleza. Halikuwapo Bunge lililochaguliwa ambalo lingeweza kumhoji. Kwa maandishi, karibu nguvu zote za dola zilikuwa mkononi mwa mtu mmoja, na nguvu hizo zote hazikufika Makobola. Hatusemi kwamba sheria ile ndiyo iliyoua; damu ni juu ya waliomwaga damu. Tunasema tu kwamba upana wa mamlaka ya mtawala haukuwa ngao kwa wananchi.

Turudi nyuma zaidi. Sheria ya Msingi ya tarehe 19 Mei 1960 ilimruhusu Mkuu wa Nchi kumteua Waziri Mkuu na kumwondoa. Jioni ya tarehe 5 Septemba 1960, Rais Kasa-Vubu alitangaza redioni kwamba amemwondoa Patrice Lumumba. Mawaziri wawili, Bomboko na Delvaux, walitia sahihi zao kando ya sahihi yake, maana tendo la Rais lilihitaji sahihi ya waziri. Lumumba naye akatangaza kwamba Rais ameondolewa. Siku mbili baadaye Baraza la Wawakilishi lilibatilisha matangazo yote mawili, na Seneti nayo ikasimama upande wa Lumumba. Je, uwezo wa Rais ulikwisha pale Bunge liliposema hapana? Hakuna mahakama iliyowahi kulijibu swali hilo, kwa sababu tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu alilijibu kwa bunduki. Mwaka 1965 Kasa-Vubu alimwondoa Tshombe, Bunge likamkataa Kimba aliyeteuliwa badala yake, na tarehe 24 Novemba Mobutu akarudi, safari hii kwa miaka zaidi ya 30. Mpaka usio na mwamuzi hauheshimiwi.

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 iliandikwa na watu walioyakumbuka hayo. Haikumnyima Rais uwezo wa kutenda haraka, kwani nyumba ikiwaka moto hakuna anayeitisha kikao kwanza. Kifungu cha 85 kinamruhusu kutangaza hali ya dharura au hali ya kuzingirwa, akiisha kushauriana na Waziri Mkuu na maspika wa mabaraza mawili. Lakini kifungu cha 144 kinaweka siku 30, ambazo Bunge linaweza kuziongeza kwa vipindi vya siku 15, au kuzikatisha wakati wowote kwa sheria. Kifungu cha 145 kinaipeleka amri ya Rais mbele ya Mahakama ya Katiba. Na kifungu cha 61 kinataja haki zisizoguswa hata vita ikivuma: uhai, kutoteswa, haki ya kujitetea, uhuru wa dhamiri na wa dini.

Mipaka hiyo imejaribiwa mbele ya macho yetu. Mwezi wa Machi 2020, Rais Tshisekedi alipotangaza hali ya dharura kwa sababu ya Korona, waliosoma kifungu cha 119 walidai kwamba Bunge lilipaswa kutoa idhini kwanza. Mahakama ya Katiba iliamua mwezi uliofuata kwamba amri ilikubaliana na Katiba. Safari hii mwamuzi alikuwapo, na ubishi ukaishia kortini.

Tarehe 6 Mei 2021 hali ya kuzingirwa ilianza Kivu ya Kaskazini na Ituri. Maofisa wa jeshi na wa polisi walichukua nafasi za magavana na viongozi wa kiraia, na mahakama za kijeshi zikapewa kesi za jinai za raia. Siku 30 zikapita. Zikaongezwa 15, na 15 nyingine, hata miaka ikapita. Mwisho wa Januari 2025 Goma ilitekwa na M23 hali hiyo ikiwa bado inatawala. Kibali kilichokusudiwa kuwa swali la kila majuma mawili kilikuwa kimegeuka mhuri.

Jimbo letu la Kivu ya Kusini halikuwekwa chini ya hali hiyo mwaka 2021. Likija kuwekwa, ndugu, tusipinge kwa mazoea wala tusishangilie kwa hofu. Tuwaulize wabunge wa Uvira na wa Fizi swali moja, tena kwa heshima: kabla hamjainua mikono kuongeza siku 15, mlipewa hesabu gani ya siku 15 zilizopita? Marehemu wa Makobola wanastahili walau swali hilo.