Kupanda Chome: Historia ya Safari ya Desemba katika Milima ya Upare

Safari ya familia kwenda kijijini mwishoni mwa mwaka, ambayo kwa wakazi wengi wa mijini wenye asili ya Upare ndiyo mapumziko makubwa kuliko yote, mara nyingi huelezwa kuwa ni desturi iliyoletwa na Krismasi. Maelezo hayo yana ukweli, lakini ni ukweli wa juu juu, kwa kuwa Krismasi iliipa safari hiyo tarehe tu, wakati sababu yake ni ya zamani zaidi. Sababu hiyo inaonekana vizuri Chome, kijiji cha wilaya ya Same kilichokaa chini ya Shengena, kilele chenye takribani mita 2,460 ambacho hakuna kinachokipita kwa urefu katika milima yote ya Upare.

Wapare, ambao lugha yao huitwa Chasu, waliishi kwa koo, na masimulizi ya koo nyingi huwataja mababu waliotoka upande wa Taita, ng'ambo ya nyika. Mwanahistoria Isaria Kimambo, aliyekusanya masimulizi ya wazee na kuchapisha kitabu chake kuhusu historia ya kisiasa ya Wapare mwaka 1969, alionyesha jinsi uongozi na ibada vilivyoshikamana na koo hizo. Kiini cha ibada kilikuwa tambiko, yaani sadaka na maombi yaliyopelekwa kwa waliotangulia, na tambiko lilitaka ndugu wakusanyike, hata wale waliohamia matuta mengine ya milima. Kuna pia ndiva, bwawa dogo la udongo na mawe ambalo hukinga maji ya kijito usiku kucha ili asubuhi yafunguliwe na kugawanywa mashambani kwa zamu. Ndiva hujaa matope, kingo zake hubomoka, na mifereji huzibwa na majani, kwa hiyo watu huitana kwenye msaragambo, jina la Wapare la kazi ya pamoja isiyo na ujira. Katika maisha ya namna hiyo, ndugu asiyekuwepo hakuacha pengo la moyoni peke yake, bali aliacha pia jembe lisilo na mshikaji.

Pengo hilo lilipanuka wakati wa utawala wa Wajerumani. Kodi ya nyumba, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, ilihitaji fedha taslimu, na fedha taslimu zilipatikana chini, kwenye mashamba ya mkonge na kwenye reli. Reli hiyo ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911, baada ya kupita kando kando ya milima kwenye vituo vya Hedaru, Makanya na Same. Treni iliyomchukua kijana kwenda kutafuta kodi ndiyo pia iliyomrudisha, na hapo ndipo inapostahili kutafutwa asili ya safari ya leo: mtu anashuka kituoni na mzigo, anaelekeza uso mlimani, na nyumbani wapo wanaomngoja.

Tarehe ililetwa na makanisa na shule. Wamisionari Wasabato walifika Mamba, Upare ya Kusini, mwaka 1903, na Walutheri wa Leipzig walijenga vituo vyao, kikiwemo cha Mbaga. Kwa Walutheri, Krismasi ikawa siku ya kukutana. Wasabato hukutanishwa zaidi na makambi, yaani mikusanyiko ya ibada ya siku kadhaa, na Waislamu, ambao ni wengi Upare, hukutanishwa na Idi. Kinachowaunganisha wote siku hizi ni likizo ya Desemba, kwa kuwa ndipo watoto wanapokuwa huru kusafiri.

Ikumbukwe kwamba kodi, ambayo iliwatawanya watu, iliwahi pia kuwakusanya. Katika miaka ya 1940, kodi ya nyongeza iliyoitwa mbiru iliwaudhi Wapare kiasi kwamba mwaka 1945 maelfu waliteremka kwa miguu hadi Same, wakapiga kambi kudai iondolewe, na hatimaye ikaondolewa.

Mwaka 1963 reli ya Tanga iliunganishwa na Reli ya Kati kupitia Ruvu, na Mpare aliyefanya kazi Dar es Salaam akaweza kupanda treni hadi Same. Baadaye mabasi yalishika nafasi yake, treni za abiria zikakoma kwa zaidi ya miaka 20, kisha zikarejea Desemba 2019, mwezi ambao usingeweza kuchaguliwa vizuri zaidi. Tangu 2021 mabasi huondokea kituo cha Mbezi, Dar es Salaam, na tangu 2023 yanaruhusiwa tena kusafiri usiku.

Hata hivyo, safari yenyewe huanza pale lami inapoachwa. Njia mojawapo hupanda kutoka Makanya, mahali pa joto, vumbi na mkonge, na gari, ambalo kwa miaka mingi limekuwa Land Rover iliyojaa hadi juu ya keria, huzunguka kona baada ya kona huku hewa ikipoa na migomba ikianza kuonekana. Mvua za vuli huifanya njia iteleze, kwa hiyo si ajabu abiria kuteremka na kusukuma. Mizigo ina sukari, mchele, sabuni, vitenge vya shangazi na koti la babu, kwa sababu Desemba ya Chome ina baridi ambayo mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam hajawahi kuiona.

Nyumbani, makande, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na maharage, huwa yameinjikwa mafigani tangu asubuhi, kwani hayapikwi kwa haraka. Baada ya kula, watoto hupelekwa nyuma ya nyumba, penye makaburi ya wazee katikati ya migomba, na kuambiwa huyu alikuwa nani na yule alimzaa nani. Fedha siku hizi hutumwa kwa simu kwa dakika moja, na ni jambo la kushukuru, lakini simu haiwezi kumwonyesha mjukuu kaburi la babu wa baba yake.

Januari inapoingia, gari hushuka likiwa zito vile vile. Sukari imebaki juu, na keria sasa imebeba mikungu ya ndizi, maharage, na tangawizi ambayo bibi ameifunga kwa mkono wake, kila familia na fungu lake.