Kujitolea Kujenga Ugenini: Utume wa Walei kwa Mwiko na Matofali

Ujenzi wa kujitolea ugenini ni huduma ambayo mwamini huiacha nchi yake kwa muda, akaenda kufanya kazi ya mikono katika Kanisa la nchi nyingine: kuinua nyumba, kanisa, shule au zahanati, pasipo kudai mshahara. Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika hati yake Ad Gentes ya tarehe 7 Desemba 1965, ulifundisha kwamba walei nao wanashiriki kazi ya kimisionari ya Kanisa. Huko Ulaya, vijana walikuwa wameanza kuitimiza kwa vitendo miaka 12 kabla.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipomalizika, Wajerumani zaidi ya milioni 12 walifukuzwa au walikimbia kutoka Ulaya ya Mashariki, na wengi wao walikuwa Wakatoliki. Waliingia katika Ujerumani iliyobaki magofu, wakasongamana kambini. Noeli ya mwaka 1947, Padre Werenfried van Straaten, Mholanzi wa Shirika la Wanorbertini aliyeishi katika abasia ya Tongerlo nchini Ubelgiji, aliandika makala akiwaomba Wabelgiji wawasaidie wakimbizi hao. Ombi hilo lilikuwa zito, kwa maana Ubelgiji na Uholanzi zilivamiwa na Ujerumani mwezi Mei 1940, na makaburi yalikuwa bado mabichi. Hata hivyo wakulima walitoa nyama ya nguruwe kwa wingi, hata Padre huyo akabandikwa jina la Padre wa Nyama ya Nguruwe.

Mwaka 1953 aliomba kitu kigumu kuliko nyama: mikono. Alianzisha Bouworde, yaani Shirika la Wajenzi, na vijana wakatumia likizo zao kuwajengea nyumba wakimbizi wa Kijerumani. Hivyo mwana wa aliyevamiwa alichanganya zege kwa ajili ya familia ya taifa lililomvamia.

Historia hiyo yatusaidia kujibu swali ambalo kila parokia inayotuma au kupokea wajenzi wa kujitolea inapaswa kujiuliza kwa unyofu: je, nauli ya vijana kumi isingetosha kuwalipa mafundi wa mahali pale, na watoto wao wakala na kusoma? Mara nyingi ingetosha. Kwa hiyo safari huwa na haki pale tu inapobeba kile ambacho fedha haiwezi kukibeba: upatanisho, ujuzi usiopatikana mahali pale, au udugu wa kudumu kati ya Makanisa mawili.

Tunapendekeza basi mambo matatu yazingatiwe. Kwanza, jengo liombwe na Kanisa mahalia lenyewe, wala lisibuniwe na wageni. Pili, fundi mkuu awe mwenyeji, na mgeni akubali kutumwa maji na mchanga. Wanaojengewa nao washike kazi, ili jengo liwe lao tangu msingi. Tatu, fungu la matengenezo lipangwe kabla ya tofali la kwanza, kwa kuwa bati huvuja wageni wakiwa wameshaondoka.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tunaufahamu ukweli huu kwa upande wa wapokeaji. Mabruda Wabenedikto waliofika Peramiho na Ndanda hawakujenga tu. Walifungua karakana, wakawafundisha wenyeji useremala na uashi. Majengo yao yanasifiwa hadi leo, lakini sadaka yao iliyozaa zaidi ni mafundi waliowaacha nyuma yao. Kijana anayejiandaa kwenda kujenga ugenini na ajiulize mapema: nitakaporudi nyumbani, ni nani atakayeendelea kuushika mwiko?