Bei ya mafuta yafupisha safari za mapumziko Dar

Agosti 2022, bei kikomo ya petroli iliyotangazwa na EWURA kwa Dar es Salaam ilifika Sh3,410 kwa lita, licha ya ruzuku ya Serikali. Kwa gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita, safari ya Hifadhi ya Mikumi, takriban kilomita 600 kwenda na kurudi, ilihitaji petroli ya Sh204,600, kabla ya kiingilio na malazi.

Bei ikiwa hivyo, mkazi wa Temeke hubaki na fukwe za Kigamboni, na wa Kinondoni na Bagamoyo. Wengine huchangishana kukodi Coaster. Hata hivyo, wenye magari hayo huwa wepesi kupandisha nauli mafuta yanapopanda, na wazito kuishusha yanaposhuka.