Mwanasesere Anayewafundisha Madaktari

Leo tunajibu swali moja: daktari kijana hujifunzia wapi kazi yake?

Hebu fikiria. Ni saa nane usiku, baridi ya Molo imekuganda mifupani, na umefika hospitali kwa gari la kukodi. Mtoto anazaliwa lakini halii. Aliye kwenye zamu ni daktari aliyetoka chuoni juzijuzi, yuko katika mwaka wake wa mafunzo kazini. Unamtazama usoni na kujiuliza moyoni, "Huyu amewahi kuifanya kazi hii?"

Mama, hilo ni swali la haki. Mtoto asiyepumua hawezi kungoja daktari afungue kitabu.

Kwa miaka mingi, mwanafunzi wa udaktari alijifunza kwa kumtazama mkubwa wake akifanya kazi. Kisha siku moja aliachiwa mgonjwa naye akajaribu. Akikosea, mgonjwa ndiye aliyeumia. Mara nyingi aliyejaribiwa hivyo alikuwa maskini aliyelazwa katika hospitali ya umma, kwa sababu mwenye pesa aliweza kujichagulia daktari mzoefu.

Lakini wapo waliotafuta njia nyingine, na mmoja wa kwanza alikuwa mkunga. Mwaka 1759 mfalme wa Ufaransa, Louis XV, alimpa ruhusa mkunga aitwaye Angélique du Coudray azunguke nchini kuwafundisha wanawake wa vijijini kuzalisha. Wengi wao hawakujua kusoma. Basi mama huyo alishona kwa kitambaa mfano wa nyonga ya mama pamoja na mtoto wa kitambaa. Wanafunzi waliuweka mtoto huyo vibaya, wakamgeuza, wakamtoa, wakarudia mpaka mikono ikazoea. Hakuna aliyeumia. Maelfu ya wanawake walifundishwa kwa njia hiyo.

Miaka mia mbili baadaye, mwaka 1960, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea watoto huko Norway, Asmund Laerdal, alishirikiana na madaktari kutengeneza sanamu ya mtu mzima ya kufundishia jinsi ya kumpulizia hewa mtu aliyeacha kupumua. Katika miaka hiyohiyo ya 1960, Chuo Kikuu cha Southern California huko Marekani kilitengeneza sanamu iliyoongozwa na kompyuta, ikaitwa Sim One. Kifua chake kilipanda na kushuka, macho yalipepesa, na mwili ulibadilika kulingana na dawa aliyopewa. Ilikuwa ghali mno, kwa hiyo haikuenea.

Sasa turudi kwetu Afrika Mashariki, maana hapa ndipo habari inapotuhusu zaidi.

Kuanzia karibu mwaka 2006, Wizara ya Afya ya Kenya, KEMRI na washirika wake, pamoja na madaktari wa watoto wa hapa nchini, walianzisha mafunzo yaitwayo ETAT+. Ni mafunzo ya siku chache ya kumhudumia mtoto aliye mahututi. Madaktari, klinikal ofisa na wauguzi hukaa pamoja mbele ya sanamu ya mtoto. Mwalimu husema, "Mtoto huyu amedegedeka, hapumui vizuri. Mnaanza wapi?" Kila mmoja hufanya kwa mikono yake. Akisahau hatua, husahihishwa palepale, kisha huanza upya.

Mwaka 2010 kukazinduliwa mafunzo mengine, Helping Babies Breathe, ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Kabla ya kuzinduliwa yalijaribiwa kwanza Kenya na Pakistan. Mwanasesere wake ni rahisi tu: unamjaza maji ili awe na uzito wa mtoto halisi. Somo kubwa ni dakika ya kwanza baada ya kuzaliwa, ambayo wataalamu huiita dakika ya dhahabu. Katika dakika hiyo mtoto akaushwe, apate joto, asuguliwe mgongo, na kama bado hapumui, apewe hewa kwa mfuko na barakoa. Kati ya watoto kumi wanaozaliwa, karibu mmoja huhitaji msaada wa namna fulani ili aanze kupumua.

Je, njia hii inasaidia kweli? Sikiliza yaliyotokea Haydom, hospitali ya vijijini kaskazini mwa Tanzania. Wahudumu walifundishwa siku moja, nao wakafanya vizuri sana mbele ya mwanasesere. Lakini watafiti walipoingia chumba cha kujifungulia, waliona kazi haijabadilika. Mambo waliyojifunza yalibaki darasani.

Hospitali haikukata tamaa. Mwanasesere aliletwa karibu na chumba cha kujifungulia, na wahudumu wakawa wanafanya mazoezi mafupi, ya dakika chache tu, mara kwa mara. Hapo ndipo tofauti ilipoonekana. Watoto waliokufa ndani ya saa 24 za kwanza walipungua kutoka kama 11 hadi kama 7 katika kila watoto 1,000 waliozaliwa. Hata mama apikaye ugali hakujifunza kwa kuonyeshwa mara moja. Mkono huzoea kwa kurudia.

Shida ni kwamba mwanasesere na mwalimu hawapatikani kila mahali, na daktari wa zamu hawezi kuacha wodi wiki nzima akasome. Kwa sababu hiyo, katika miaka ya 2010, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford na wenzao wa Kenya walitengeneza programu ya simu iitwayo LIFE, wakifuata mafunzo yaleyale ya ETAT+. Daktari hufungua simu yake na kujikuta ndani ya hospitali iliyochorwa kwa kompyuta. Mtoto asiyepumua yuko mbele yake na saa inahesabu. Lazima achague: aanze na nini, achukue kifaa gani? Akikosea, programu humwonyesha kosa na kumrudisha nyuma. Anaweza kukosea mara kumi, na hakuna mama atakayelia.

Tusidanganyane, simu haifundishi mkono kushika barakoa vizuri. Na mazoezi hayawezi kuziba pengo la mfuko uliopasuka au oksijeni iliyokwisha.

Mama, eneo letu lina chuo cha mafunzo ya utabibu cha KMTC na kitivo cha afya cha Chuo Kikuu cha Egerton hapa Nakuru. Ukienda hospitali kubwa utakutana na wanaojifunza. Usiogope, na usinyamaze. Unaweza kuuliza kwa heshima, "Daktari, nani anakusimamia leo?" Aliyefundishwa vizuri hatakasirika.

Tena, hata kompyuta iwe na akili namna gani, haijui kwamba mtoto wako aliacha kunyonya tangu jana jioni. Wewe unajua. Sema mapema, hata kabla hujaulizwa.

Kumbuka:

- Jifungulie mahali penye mhudumu aliyefunzwa, na panga usafiri kabla ya uchungu kuanza.
- Mkimbize hospitali mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa, anayetapika kila kitu, anayedegedeka, anayepumua kwa shida au aliyelegea na haamki.
- Mweleze mhudumu dalili ilianza lini na dawa uliyompa nyumbani, hata kama ni ya kienyeji.

Zungumzeni haya katika chama chenu wiki hii. Hadi wakati mwingine, tunawatakia afya njema.